Mzee Uledi Anaweka Kipoyi Chini

Kigoma, tarehe 9 Machi 2003. Ni mwaka wa tano tangu nivuke ziwa kutoka Kongo, na hapa ninabeba matofali. Dada yangu Rosette amekuja kwa boti kuniomba niandike maneno haya yasomwe kwenye kituo chetu cha afya kule Baraka, kwa kuwa mwisho wa mwezi huu Mzee Uledi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kubeba wagonjwa. Shule sikumaliza, mnivumilie.

Kipoyi chetu ni mianzi miwili na blanketi katikati. Kwa hicho Uledi alishusha wagonjwa kutoka milima ya Fizi hadi Baraka, hata njia zilipojaa askari. Sisi wabebaji wengine tulikuwa Wabembe wa kanisani. Yeye ni Mwislamu wa ziwani, na watu wake ni wachache. Wako waliomwita mgeni, ingawa babu yake alizaliwa Baraka. Walipougua, aliwabeba hao pia.

Kwenye mpando sisi tuliimba, yeye akinong'ona dua zake. Siku moja aliniambia, "Néhémie, wimbo wenu uko na beti nyingi kuliko mulima!" Kwenye vizuizi vya askari sote tulinyamaza, ila midomo yake iliendelea. Alisema bila hizo dua moyo wake ungeshindwa zamani.

Lakini mwili ulichoka. Presha ilipanda, miguu ikavimba. Muuguzi wetu Adolphine akamwonya kwamba akibeba tena atafia njiani. Uledi akakataa: kubeba ndiyo ibada yake, Mungu atamlinda. Rosette alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

"Baba Uledi," Adolphine akauliza, "muzee asiyeweza kusimama anasali namna gani?"

"Anasali amekaa."

"Na Mungu anamukatalia?"

"Hapana, hamukatalii."

"Basi na we ukae."

Mzee akacheka. "Mama, umenikamata na dini yangu mwenyewe!"

Sasa anakaa mlangoni mwa kituo kila asubuhi. Wazee wenzake wakikataa vidonge, wakisema maombi yanatosha, anawaambia, "Omba, kisha meza. Mi naomba, na nameza." Wanameza.

Mzee wetu, asante kwa kila mtu uliyemfikisha hai. Mungu akupe uzee wa afya na usingizi mzuri. Nanyi wabebaji wenzangu, nafasi yake kwenye mwanzi wa mbele msimpe mtu. Mwezi wa sita nitakuwa Baraka, nitaishika mimi.