Mzee Eliufoo, Friza ya Udongo na Krismasi za Mama Joyness

Baada ya miaka ishirini na sita ya kupanda na kushuka mlima kwa niaba yetu, Mzee Eliufoo Nkya, fundi sanifu wa kituo chetu cha udongo hapa Rau, anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba 2004. Alikuja kutoka Masama mwaka 1978 akiwa na mabuti ya kuazima. Mabuti aliyarudisha, ila mlimani hakuacha kwenda.

Kazi yake ilikuwa kuleta udongo mweusi kutoka kwenye mabonde yenye majimaji juu ya msitu, ambako ardhi huganda usiku na kuyeyuka jua likipanda. Udongo ule ni mimea iliyokufa zamani sana, ambayo baridi na maji vimeizuia isioze. Ukipata joto na kukauka, unaoza, na kaboni iliyolala humo inapanda angani ikiwa hewa ya ukaa. Mzee aliwaambia wageni kwamba ile ni stoo ya mlima, na mlango wake ni baridi. Wapagazi walimcheka kwa kubeba matope wakati wenzake wanabeba mizigo ya watalii.

Sampuli zilitakiwa zikae zimeganda hadi zipelekwe maabara kubwa. Kwa kuwa kituo hakikuwa na friza, tuliazima pembe moja kwenye friza ya bucha ya Mama Mektrida. Ikafika Desemba 1994. Kila Mchagga anajua Krismasi ni nini: aliyeko Dar na aliyeko Mwanza wote wanapanda nyumbani, na mbuzi lazima aanguke. Mama Mektrida alikosa nafasi ya nyama. Mzee Eliufoo, ambaye naye alikuwa na beberu wake humo, alikubali chupa za udongo zitolewe kwa siku mbili tu. Aliporudi kutoka Masama alikuta vifuniko vya mpira vimeruka na bucha inanuka kinamasi. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa imeharibika.

Ulikuwa wakati wa kupunguza wafanyakazi, na makosa madogo kuliko hilo yalikuwa yameshawarudisha watu vijijini. Mkuu wa kituo alikuwa Dk. Esther Sanga, mzaliwa wa Makete. Mzee hakumsingizia mwenye bucha. Aliingia ofisini ameshika tawi bichi la isale kwa mikono miwili, akamkabidhi. Kwetu, anayekuletea isale anaomba msamaha, nawe huwezi kumkatalia. Dk. Esther hakuyajua hayo. Alishukuru kwa zawadi ya ua, akalitia kwenye glasi ya maji dirishani, kisha akauliza habari za sampuli. Ilibidi karani wetu, Bi. Odilia, aingie kumweleza kwamba ameshasamehe.

Dk. Esther alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akauliza swali ambalo limetulisha hadi leo: ni kitu gani kilichorusha vile vifuniko? Mwaka uliofuata tulipata friza yetu. Mzee akaleta udongo mwingine, tukauyeyusha kwa makusudi na kupima hewa inayotoka. Majibu hayakutufurahisha. Kilichokaa ardhini maelfu ya miaka kilianza kutoka ndani ya siku chache, na hakuna aliyejua namna ya kukirudisha. Wapo waliosema bei ya kahawa imeanguka, nani ana muda na hewa? Mzee aliwajibu kwa upole kwamba mfereji wa maji wa kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, unaanzia kule kule juu.

Tangu hapo hakumwamini mtu na friza mwezi wa Desemba. Masama nzima ikitoka kanisani siku ya Krismasi, yeye yuko Rau anakagua chupa, na miaka ya mgao wa umeme alilala na jenereta. Nyumbani mkewe, Mama Joyness, alikataa nyama ikatwe kabla hajafika. Watoto wao wamekua wakijua kwamba Krismasi huanza jioni. Sisi tuliita huo uaminifu kazini, tukampa cheti mara mbili. Mama Joyness hakuna aliyemwuliza yeye anauitaje, na mimi leo naona aibu.

Lile isale la dirishani liliota mizizi, na sasa ni ua mzima unaozunguka kituo. Mzee, asante sana. Ufunguo wa friza umenikabidhi mimi, Shedrack wa maabara, na nyumbani kwangu wameshaanza kununa. Ustaafu wako uwe mrefu na wenye afya, migomba izae, mfereji usikauke.

Nawe Mama Joyness, pamoja na zawadi nyingine, leo kituo kizima kinakuletea isale lililokatwa kwenye ua huo. Ni kwa ajili ya Krismasi zako. Mwaka huu nyama ikatwe mchana.