Njiwa wa Wilf Amegoma Kushuka

Benchi liko nyuma ya mabanda ya njiwa, kwenye mji wa makaa ya mawe ambao mgodi wake ulishafungwa, na kila Jumamosi ya mashindano ya njiwa wa mbio hukaa watatu wale wale na chupa ya kahawa. Yupo Kamusi, anayelala na kamusi ya Kiingereza kitandani. Yupo Kengele, sauti yake inafika mtaa wa pili. Na yupo Wilf, mwenye barua ya majibu ya hospitali mfukoni, siku ya tatu hajaifungua. Ameapa kwamba njiwa wake akirudi kutoka Ufaransa, walikoachiwa asubuhi warudi mbio nyumbani, kabla ya saa tisa, majibu ni mema. Njiwa amerudi saa nane na nusu, lakini katua juu ya paa, na mashindano hayamhesabu njiwa mpaka aingie bandani.

– Kafika huyo. Fungua barua, mzee, alisema Kengele.

– Hajafika, alisema Wilf. Yuko juu ya paa.

– Ngojeni, alisema Kamusi. Neno “auspicious”, lile la dalili njema, asili yake ni Kilatini: kutazama ndege. Warumi walikuwa hawaendi vitani kabla ya kutazama ndege.

– Wa juu ya paa au wa bandani? aliuliza Wilf.

– Kamusi yangu haisemi.

– Basi aliyeiandika hajafuga njiwa.

– Na mtabiri ni “soothsayer”, Kamusi aliendelea. “Sooth” zamani ilikuwa ukweli. Msema kweli.

– Kweli gani? alidakia Kengele. Shangazi alinitabiria kwa majani ya chai kikombeni, akasema nitaoa tajiri. Mke wangu Brenda mnamjua. Mimi nawaambia, dola ya Roma ilianguka siku njiwa wao walipogoma kushuka. Na huyu kapita juu ya makaburi ya njiwa hao huko Ufaransa, kaambukizwa kugoma.

Wilf alicheka, ila mkono haukutoka mfukoni. Alikuwa anaogopa. Alijua wenzake wanalijua hilo, na ndiyo maana walikuwa wanapiga domo hivyo. Aliwapenda kwa hilo.

Mavis, mkewe, akatokea kwenye njia ya mabanda.

– Mnatazama nini juu?

– Majibu ya mumeo, shemeji, alisema Kengele.

Mavis alimtazama njiwa, kisha mfuko wa Wilf.

– Daktari aliandika barua lini?

– Jumatatu, alisema Wilf. Muhuri wa posta unasema hivyo.

– Sasa huyo ndege alimwambia nini Jumatatu?

Wilf alishusha macho kutoka paani.

– Naogopa, Mavis.

– Na mimi pia. Siku tatu sijalala. Hebu sogea.

Wilf akasogea, akaitoa barua. Kengele na Kamusi wakainuka kuwapisha.

– Kaeni, alisema Wilf. Tuisome wote.