Kituo cha Nne Kilinyamaza

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Oddbjørn Haugli, seremala wetu wa hapa bonde la Østerdalen, Norwe. Alitutoka siku ya pili ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa misitu yetu. Miaka sitini na mmoja tu.

Figo zake zilikuwa zimechoka. Miaka mitatu alisafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Daktari alimwambia wazi: figo mbovu huharibu na mishipa ya moyo, kwa hiyo kifua kikibana, usingoje. Oddbjørn alisikia habari za figo. Za moyo aliziacha kulekule kwa daktari. Na sisi tulimuuliza figo, figo tu.

Katika kundi letu la wawindaji, ukishawekwa kituoni, mahali pako pa kumvizia mnyama, huondoki mpaka kiongozi aseme. Kiongozi wetu ni Ragnfrid, dada yake Oddbjørn. Asubuhi ile alimwona kaka yake akisimama mara mbili kupumua kwenye kilima kidogo tu.

"Kaka, rudi nyumbani ukatuchemshie kahawa."

"Kahawa? Mimi nimekuwa mpishi wenu lini? Ni hizi figo tu, dada."

Akakaa kituo cha nne. Saa nne Ragnfrid akamwita kwa redio ya mkononi: "Kituo cha nne, uko salama?"

"Salama. Punguza maneno, utamfukuza mnyama."

Sauti ilikuwa nzito, na Ragnfrid aliisikia. Alitaka kwenda. Lakini mbwa walishanusa kitu, na watu sita walikuwa wanangoja. Hakwenda.

Nikiwa kituo cha tano, ng'ambo ya kinamasi, nilimwona elki akipita mbele ya Oddbjørn, hatua thelathini. Kimya. Hakuna risasi. Nikabonyeza redio: "Bwana Haugli, umelala, au unamhesabu kope?" Kundi zima likacheka.

Hakujibu. Tulimkuta ameegemea msonobari, bunduki mapajani. Daktari alisema mshipa wa moyo ulikuwa umeziba.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu habanduki kwangu. Juzi Ragnfrid aliniambia, "Nilikuwa hatua mia mbili tu kutoka kwake, Eivind. Nikalinda mawindo, kaka yangu sikumlinda."

Ragnfrid, na wewe Jorid, mjane wa marehemu, poleni sana. Nanyi wenye ndugu anayeumwa figo, muulizeni na kifua chake. Akikujibu "salama" kwa sauti isiyo yake, inuka umfuate. Elki mwache apite.