Figo ya Baridi

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la kinyozi, na asubuhi ile hakuna aliyekaa akatulia. Baridi, fundi wetu wa friji, alikuwa hospitali. Hakuwa anaumwa, alikwenda kujitolea figo. Si kwa mkewe wala kwa nduguye, ni kwa mgonjwa yeyote atakayepatikana. Alikuwa amejiunga na kundi la watu wanaokutana Jumapili na kuulizana: kwa kidogo tulicho nacho, tufanye nini kisaidie watu wengi zaidi? Swali zuri. Lakini tangu hapo Baridi aliacha sukari, akaacha kahawa, akawa anakaa nasi na kikombe cha maji ya moto. Godoro akaligawa. Sasa figo. Leo ndiyo siku ya kuhojiwa mara ya mwisho; akipita, analazwa.

— Huyo anautaka uenyekiti wa mtaa, alisema Redio, mlinzi mstaafu mwenye habari za kila nyumba. Mimi siasa naijua.

— Figo haionekani, alimjibu Wembe, kinyozi. Atafanyaje kampeni?

— Atavua shati jukwaani! Kovu hili hapa, kura zenu ziko wapi?

— Wapi! akasema Wembe. Mimi nasema shemeji kamtibua. Mtu kagawa godoro, mgongo unamuuma, anatafuta pa kulala. Hospitali kuna vitanda.

— Basi huenda kazaliwa na figo tatu, akasema Redio. Wapo watu wa hivyo. Anatoa ya ziada, sisi tunababaika bure.

Mama Kahawa akaweka birika chini kwa kishindo.

— Nyie mna midomo! Na kama anatoa kwa moyo?

— Kwa moyo? Wembe akacheka. Basi angetoa moyo!

Tulicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Mimi fundi viatu, kibanda changu kinatazamana na karakana yake. Jana nilimwona amekaa mbele ya friji iliyofunguliwa, bisibisi mkononi, hafanyi lolote. Mtu anayependa kazi yake kama yeye! Nilimwita, akanipungia mkono bila kugeuka. Sikuipenda ile.

— Jamani, Mama Kahawa akasema taratibu. Si yule anayekuja?

Alikuwa yeye, anatembea kwa miguu yake, mfuko wa nguo begani.

— Mbona unatembea? Redio akaruka. Wameshakupasua?

— Hawajanigusa. Baridi akajitupa benchini. Nimekataa.

Wembe akamshika bega kama anayehakikisha kwamba ni mtu kweli.

— Daktari aliwatoa wote nje, hata mke wangu, tukabaki wawili, akasema Baridi. Akaniuliza, kama hakuna hata mtu mmoja atakayejua, utatoa? Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, unaogopa nini zaidi, kisu au kusema hapana?

— Ukasemaje?

— Nililia, Wembe. Mtu mzima na ndevu zangu. Nilikuwa naogopa Jumapili. Naogopa wenzangu waseme, kumbe huyu alikuwa anaigiza tu. Nikamuuliza, na mgonjwa je? Akasema hakuna aliyeahidiwa, wapo wanaotoa kwa furaha, nenda nyumbani. Mke wangu kanikumbatia kwenye korido mpaka manesi wakatupisha.

— Eh, Mungu mkubwa, akasema Mama Kahawa, akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

— Sasa Jumapili utawaambia nini? nikamuuliza.

Hakupata nafasi ya kunijibu. Kutoka upande wa pili wa barabara alikuwa anavuka mwanamke mwembamba, anakuja haraka. Baridi akaninong'oneza: huyo ni mfamasia, ndiye anayeongoza kundi lao. Mimi macho yangu huanza na viatu. Soli zilikuwa zimekwisha kabisa, amezipachika karatasi ngumu.

Baridi akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

— Dada, nisamehe. Nimeshindwa.

— Hujatoa?

— Sijatoa.

Mfamasia akakaa bila kukaribishwa, akashusha pumzi ndefu.

— Afadhali! Nilikuwa nakimbilia hospitali nikuzuie. Tangu useme utatoa figo sipati usingizi. Najiuliza, mimi ninayewaongoza nimetoa nini? Nimeacha kwenda kumwona mama yangu. Nimeacha kwaya. Nilikuwa najiandaa kutoa ya kwangu.

— Lakini mimi nilianza kujinyima kwa kukuona wewe! Siku ile ya kwanza ulipokataa sukari kwenye chai...

— Jino lilikuwa linaniuma!

Redio alipaliwa na kahawa. Wembe akampiga mgongoni, huku naye machozi yanamtoka kwa kucheka.

— Ndugu yangu, mfamasia akaendelea, sisi tunamshukuru nani kila Jumapili? Wewe, kwa friji ya chanjo ya zahanati. Tangu uanze kuitunza chanjo haziharibiki, watoto wanachanjwa. Huwa husikii?

— Ile? Baridi akashangaa. Ile naipenda, dada. Nikisikia mota inanguruma vizuri nasahau hata njaa. Hainiumi popote. Nilidhani haihesabiwi.

Mfamasia akatugeukia sisi wote, kwa heshima kabisa, kama mgeni anayeuliza njia.

— Wazee wangu, nyie mnaokaa hapa kila siku. Hivi nani alituambia kwamba wema lazima uume?

Redio akapuliza kahawa yake. Wembe akatazama paa la duka lake. Mimi nikaokota miguuni pangu kiatu cha mteja ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Aliyeanza kucheka alikuwa Baridi, akajishika mbavu kwa mikono yote miwili, figo zake zote zikiwa ndani.