Bi Trafiki na Njia Tusizoziona

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita katika chumba cha kompyuta hapa hospitalini, Bi Trafiki anastaafu. Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana ofisi ya utumishi. Sisi wengine tulishalisahau.

Kazi yake ilikuwa kuongoza maombi ndani ya seva. Daktari akibonyeza kitufe, ombi lake hupokewa na programu inayokagua ruhusa, ikaikabidhi inayotafuta rekodi, nayo ikaikabidhi inayoandaa ukurasa. Zote aliziandika yeye kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Nimekaa naye miaka kumi na bado namshangaa.

Alikuwa mkali kama pilipili kwa aliyechanganya njia mbili. Kuna kukabidhi ombi ndani kwa ndani, na mzigo wake wote wa maelezo. Na kuna kukiambia kivinjari kianze safari upya kwa anwani nyingine, mzigo ukabaki nyuma. Aliyekosea alichemsha chai ya ofisi nzima, na wapo waliopata uzoefu wa kutosha kufungua mgahawa.

Asubuhi moja kosa hilo halikuchekesha mtu. Dada yangu alikuwa chumba cha upasuaji, amejifungua kwa shida, damu haikatiki. Ombi la damu liliondoka kamili, likafika tupu benki ya damu, halina jina wala kundi. Wauguzi wakatuma tena, tupu tena. Mimi niliganda kitini. Bi Trafiki alisimama nyuma yangu, akaona anwani juu ya skrini ikibadilika, akasema, "Limetoka nje hilo." Basi. Akabana simu begani, akawasomea benki ya damu maelezo yaliyobaki kwenye kumbukumbu za seva, huku vidole vikifuta mstari wa programu uliolianzisha ombi safari upya na kuandika wa kulikabidhi. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Sijawahi kuona akili ya binadamu ikifanya kazi namna ile, na sidhani kama nitaona tena.

Damu ilifika kwa wakati.

Bi Trafiki, ahsante kwa yote, hata kwa ukali. Tunakuombea ustaafu wenye afya, furaha na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Ila siku ya hafla ya kukuaga usiharakishe kuondoka. Dada yangu anakuja na binti yake aliyezaliwa siku ile. Dada hajui seva wala Java. Anasema anataka tu huyo mtoto akuone.