Kibuyu Kilichorudi na Ghadhabu

Mwaka ule wa sitini na nne, uasi ulipofika bonde la Ruzizi, benchi la Antoine muuza kahawa pale Kilibula halikukosa watu wala maneno. Siku hiyo lilikuwa na kesi. Cyprien alikaa na kibuyu cha pombe ya ndizi katikati ya magoti, kizibo hakijaguswa. Mkewe Honorine alikuwa amekwenda kujifungulia kwa babake, kijijini Nyakabere, na sasa barabara ilikaribia kufungwa. Cyprien alimtuma mtu wa baiskeli ampelekee mkwe pombe ya kumwomba awaachie mke na mtoto warudi. Baba mkwe akairudisha na neno moja tu: ghadhabu. Cyprien aliapa hainuki pale mpaka ajue neno hilo lina uzito gani.

— Ghadhabu si hasira, alisema Firmin, aliyeitwa Misale kwa kuwa aliwahi kupiga kengele kanisani. Hasira iko ya bantu. Ghadhabu iko ya Mungu peke yake.

— Basi mukwe yangu amekuwa Mungu?

— Minye sijasema vile.

Norbert, aliyeitwa Mazutu, yaani dizeli, kwa nguo zake za gereji, alimeza funda la kahawa.

— Hasira inapanda mu kichwa, inashuka. Ghadhabu inaingia mu mifupa. Muntu wa ghadhabu hasikie hata chumvi mu chakula. Haba na haba hujaza kibaba!

— Na Wazungu? Misale akadakia. Ni ghadhabu iliwafukuza. Hata ziwa likipata ghadhabu, ndagala zote zinahamia Burundi.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Mazutu akahitimisha. Weye ulimusifu sana ule muzee.

Cyprien aliwachoka. Alimtaka mkewe, si mahubiri.

— Kama iko mu mifupa, dawa yake ni nini?

Pudentienne, mama wa bondeni aliyekuwa ametua kikapu chake cha mihogo kando yao, akageuka.

— Hiyo pombe, baba, nani aliionja mbele ya muzee?

Mleta pombe ndiye huionja kwanza, kuonyesha haina sumu, hata wakati wa amani, sembuse siku hizi za kuogopana. Cyprien aliona haya mpaka masikioni. Mtu wa baiskeli alikuwa Mpentekoste, pombe hata hainusi. Na yeye mwenyewe, kwa kuogopa risasi, alibaki hapa na kahawa yake.

Akasimama, akajifunga kibuyu mgongoni.

— Unaenda wapi? Mazutu akapiga kelele. Bunduki ziko mu barabara!

— Kuonja, alisema Cyprien.