Nirmaya Limbu, Aliyezizindua Kompyuta Zetu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha tahadhari ya mafuriko, Bi. Nirmaya Limbu anastaafu tarehe 16 Julai, msimu wa mvua ukiwa umepamba moto. Tuliomwomba asubiri mvua zipite ametucheka tu.

Alitujia kutoka mji wa Dharan, mhandisi kijana mwenye achari ya pilipili iliyomliza mkuu wetu, Bwana Khatiwada, siku ya kwanza. Wakati ule kompyuta zetu zilikuwa na ugonjwa mmoja: takwimu za vina vya mito zikianza kunakiliwa, kila kitu kinaganda. Kishale hakisogei, herufi hazitokei. Hemanta wa zamu ya mchana alizipiga makofi na kuziita nyati wakaidi. Mwaka mmoja ziliganda tahadhari ikiwa nusu imeandikwa. Watu wa bondeni waliponea chupuchupu. Mifugo yao ilikwenda na maji.

Tukaletewa kompyuta mpya zenye kasi. Nazo zikaganda. Dada Nirmaya akaacha kuulaumu ubongo wa mashine, akaichunguza diski inayohifadhi takwimu. Kumbe ubongo umekaa bure, diski ndiyo imeelemewa: kila tulichobonyeza kilisimama foleni nyuma ya shehena ya kunakili. Akaiandika upya programu ya kunakili, inakili kidogo kidogo na kumpisha kwanza aliye kwenye kibodi.

Bwana Khatiwada alisita, akisema nakala zitachelewa.

"Zichelewe tu, mkuu," Dada Nirmaya akamjibu. "Anayeandika tahadhari ndiye asichelewe."

Agosti iliyofuata mto ulipanda kuliko tulivyowahi kuona. Takwimu zilimiminika, diski ikakoroma, na Hemanta akakaa kwenye kibodi kuandika tahadhari. Herufi zikatokea kadiri alivyobonyeza. Tahadhari ikaenda. Vijiji vya bondeni vikahamia mlimani na nyati wao wa kufugwa, maji yakakuta nyumba tupu. Jioni mwenyekiti wao alipiga simu kusema hakuna aliyepotea. Hemanta alimkumbatia Dada Nirmaya akasahau kwamba ameshika chai.

Tangu hapo vituo vingine vimekuja kujifunza kwake, na hakuna aliyeondoka bila chupa ya achari.

Sasa anakwenda wilaya ya Ilam kulima iliki na mumewe. Dada Nirmaya, bondeni kuna watu wazima leo ambao Agosti ile walipanda mlima migongoni mwa mama zao. Hiyo ni kazi yako, nasi tunakushukuru. Nenda na afya, iliki yako istawi, na mvua ikinyesha, wewe lala.